Robert Serumaga: Kutoka Neno hadi Ngoma

Katika vilima vya Kisii na Nyamira, kando ya mashamba ya chai na migomba, umo mti wenye miiba ambao wakati wa kiangazi hupukutisha majani na kuchanua maua mekundu kama makaa ya moto. Abagusii huuita omotembe. Jirani zetu Wajaluo huuita orembe, na Waluhya murembe. Kiswahili nacho, kikiutazama mti kwa kazi yake, kimeuita mwamba-ngoma, kwa kuwa mbao zake nyepesi hukubali kuchongwa mzinga wa ngoma. Mti ni mmoja, majina ni mengi, na katika jina la Kiswahili mnasikika mdundo.

Mwaka 1974 mtunzi mmoja wa Uganda aliupa mchezo wake jina la miti hiyo hiyo: Amayirikiti. Mchezo huo haukutegemea maneno. Waigizaji walisema kwa miili, kwa sauti zisizo sentensi na kwa ngoma, na hadhira ikaachiwa kuamua wekundu ule ulikuwa wa maua au wa damu. Mtunzi huyo, ambaye pia alikuwa mwigizaji na mwelekezaji, ni Robert Serumaga. Makala haya yanadhamiria kusimulia maisha yake na kuonyesha jinsi mtu aliyeanza kama msanii wa neno lililoandikwa alivyoishia kuwa msanii wa ngoma, na gharama aliyoilipa kwa safari hiyo.

Yamkini msomaji atauliza: Serumaga hakuandika kwa Kiswahili, basi anatuhusu nini sisi wanafunzi wa lugha hii? Swali hilo ni la haki, na jibu lake litajitokeza hatua kwa hatua. Kwa sasa itoshe kusema kwamba mwanafunzi wa lugha ana mengi ya kujifunza kutoka kwa mtu aliyefika mahali akaona lugha haimtoshi.

Utoto na Masomo

Serumaga alizaliwa mwaka 1939 katika Buganda, akakulia upande wa Masaka, kusini-magharibi mwa Kampala. Alilelewa na mama yake katika imani ya Kikatoliki. Masomo yake aliyapata katika shule za Kikatoliki zenye sifa nchini mwao, zikiwemo St. Henry's ya Kitovu na St. Mary's ya Kisubi. Kwa kijana wa kizazi chake, mlango wa elimu ulikuwa pia mlango wa kutoka nje ya nchi, naye aliupita. Alikwenda Ayalandi, akaingia Chuo cha Trinity jijini Dublin kusomea uchumi, na mwaka 1965 akahitimu shahada ya uzamili.

Uchumi ndio uliompeleka Dublin, lakini tamthilia ndiyo iliyomteka huko. Dublin si mji wa kupita hivi hivi kwa mpenzi wa jukwaa. Ni mji wa ukumbi wa Abbey, uliofunguliwa mwaka 1904 na watunzi waliotaka taifa lao, lililokuwa bado chini ya Uingereza, lijione na kujisikia jukwaani. Ni mji pia ambao Samuel Beckett alisomea, katika chuo hicho hicho cha Trinity, kabla ya kuhamia Ufaransa na kuandika kwa Kifaransa mchezo wake wa Godot ulioonyeshwa Paris mwaka 1953. Wairishi walikuwa watu walioitawaliwa nchi yao, wakapokonywa sehemu kubwa ya lugha yao, kisha wakaichukua lugha ya mtawala na kuitumia watakavyo. Kijana kutoka Masaka hangekosa kuona kwamba hali hiyo ilifanana na ya kwao.

Wanafunzi wa Kiswahili wanaifahamu tamthilia ya ubwege kupitia Amezidi ya Said Ahmed Mohamed, iliyotoka mwaka 1995, ambamo Ame na Zidi wanaishi katika ulimwengu usio na mantiki. Karibu miaka thelathini kabla ya hapo, Serumaga alikuwa ameunywa mtindo huo kutoka kisimani, akaurejesha Afrika Mashariki. Ubwege ulimfundisha jambo moja ambalo halikumtoka maisha yake yote: kwamba kuna nyakati ambapo maneno hufika ukingoni, na mtu akiendelea kusema huwa anajaza kimya tu.

Baada ya masomo alifanya kazi ya redio jijini London, akiwahoji waandishi wa Kiafrika waliopita huko. Chinua Achebe alikuwa mmoja wa waliokaa mbele ya kinasa sauti chake. Hivyo kabla jina lake halijavuma kama mtunzi, alikuwa amekwisha kuwa msikilizaji wa watunzi.

Nchi Iliyoandikwa Kinyume

Uganda aliyoirejea katika nusu ya pili ya miaka ya 1960 haikuwa ile aliyoiacha. Mei 1966 majeshi ya Milton Obote, yakiongozwa na Idi Amin, yalikuwa yameishambulia ikulu ya Kabaka huko Mengo. Kabaka Mutesa wa Pili alikimbilia Uingereza, akafia huko mwaka 1969. Kwa mtoto wa Buganda, hilo lilikuwa tetemeko lililogusa nyumba.

Serumaga aliajiriwa kama mwanauchumi, lakini moyo ulikuwa jukwaani. Ukumbi wa Taifa wa Kampala, uliofunguliwa mwaka 1959, ulikuwa bado ukitawaliwa na ladha za wakoloni na za jamii zilizokuwa na fedha. Yeye na wenzake waliunda kikundi kilichoitwa Theatre Limited, wakaanza kuonyesha michezo kwa ustadi wa kitaalamu na si kama burudani ya jioni ya Jumamosi. Mchezo wake wa kwanza, A Play, ulionyeshwa mwaka 1967. Humo tunamwona Mutimukulu, mtu anayeandamwa na dhamiri yake juu ya kifo cha mkewe. Ni tamthilia ya ndani ya kichwa cha mtu, na ndani ya kichwa hicho msomaji makini anaisikia nchi nzima ikigugumia hatia yake.

Mwaka 1969 ilitoka riwaya yake, Return to the Shadows. Inamhusu msomi Joe Musizi katika nchi ya kubuni inayotikiswa na mapinduzi ya kijeshi. Nchi hiyo inaitwa Adnagu. Msomaji akilisoma jina hilo kutoka mwisho kwenda mwanzo atakuta Uganda. Lilikuwa fumbo jepesi, ambalo hata mtoto wa shule angelifumbua, lakini lilitoka miaka miwili kabla ya Januari 25, 1971, siku ambayo Amin alimpindua Obote. Mwandishi alikuwa ameyaona mawingu kabla mvua haijanyesha. Wasomi aliowasawiri humo ni watu wanaojua kinachotendeka, wana maneno mazuri ya kukieleza, na hata hivyo hawawezi kukizuia. Hapo ndipo tunapoanza kuona kutoridhika kwa Serumaga na neno. Alikuwa na neno, tena la Kiingereza fasaha, lakini alijiuliza lilikuwa likimfikia nani.

Mwaka 1970 alionyesha The Elephants, na mwaka 1971, mwaka uliomwona Ebrahim Hussein akitoa Mashetani, alionyesha Majangwa.

Mpiga Ngoma wa Barabarani

Majangwa ndiyo daraja la maisha yake ya sanaa, na ndiyo inayomweka karibu zaidi na wanamuziki. Mhusika mkuu ni mpiga ngoma. Zamani alisifika, watu walikusanyika kumtazama na kumsikiliza. Sasa yeye na mkewe Nakirijja wako barabarani, wamechakaa, wakiwa wamefikia kuuza hata faragha yao ili umati usiondoke. Mwanzoni umati ulitaka ngoma. Baadaye ukataka zaidi ya ngoma. Msanii akawa anatoa, anatoa, mpaka hana alichobakiza kwa ajili yake mwenyewe.

Waswahili husema ngoma ivumayo sana haikawii kupasuka. Serumaga, aliyekuwa pia mwigizaji katika michezo yake, alilielewa jambo hilo kutoka ndani ya ngozi ya ngoma yenyewe. Katika mwaka wa kwanza wa utawala wa Amin, swali la msanii anayelipwa ili awafurahishe watu waliokwisha kufa ganzi halikuwa swali la nadharia. Tamthilia hiyo ilichapishwa Nairobi na East African Publishing House mwaka 1974, na wanafunzi wengi wa fasihi hapa Kenya walikutana na jina la Serumaga kupitia kitabu hicho.

Baada ya Majangwa, Serumaga hakumwacha mpiga ngoma. Aliunda kikundi kipya, Abafumi, jina ambalo maana yake ni wasimulizi wa hadithi. Aliwachukua vijana waliomaliza shule, akawafunza upya: kupumua, kuruka, kuanguka, kuimba, kupiga ngoma, kucheza ngoma za makabila mbalimbali ya Uganda. Waliishi na kufanya mazoezi pamoja, kiasi kwamba mwili mmoja ulipoinama, mingine ilijua la kufanya. Katika mafunzo hayo alichanganya mbinu za walimu wa jukwaa wa Ulaya na zile za mfumi wa kijijini, ambaye hana pazia wala taa, ana sauti yake na mikono yake tu.

Tunda la kwanza la shule hiyo lilikuwa Renga Moi, mwaka 1972. Renga Moi ni shujaa katika masimulizi ya Waacholi. Mkewe amejifungua pacha, na mila inamkataza baba kumwaga damu kabla matambiko hayajakamilika. Katika siku hizo hizo kijiji kinashambuliwa. Akienda vitani anavunja mwiko. Akibaki, watu wake wataangamia. Anakwenda. Anaporejea na ushindi, anakuta pacha wake wametolewa kafara na watu wale wale aliowaokoa. Kisa hiki Serumaga hakukiandika kama majibizano ya wahusika. Alikisimulia kwa nyimbo, kwa ngoma na kwa lugha kadhaa za Uganda, bila kumsubiri mtazamaji aelewe kila neno.

Tunaweza kuona mantiki yake. Uganda ni nchi ya lugha nyingi. Ukiandika kwa Luganda, Macholi hakuelewi. Ukiandika kwa Kacholi, Mganda atashuku. Kiingereza kinawafikia waliosoma tu. Lakini mlio wa ngoma ya msiba, kilio cha mama, mwili unaotetemeka kwa hofu, hivyo havihitaji mkalimani. Mwaka 1975 Renga Moi ilionyeshwa London, katika ukumbi wa Aldwych, kwenye msimu wa tamthilia za dunia. Kijana aliyekwenda Ulaya kujifunza uchumi alirudi huko akiwa amebeba ngoma.

Mbele ya Mtawala

Hapa hatuna budi kusimama kidogo, kwa sababu wasifu usiogusa pagumu ni sifa tupu. Abafumi walizunguka nchi za nje wakiwa na jina la Uganda wakati ambapo ndani ya Uganda watu walikuwa wakitoweka. Mwaka 1972 Waasia walikuwa wamepewa siku 90 wahame. Makofi ya ugenini yalimfaidi msanii, lakini yaliipamba pia serikali. Je, Serumaga alikuwa akimsuta mtawala au akimpambia? Waliomlaumu na waliomtetea wote wana hoja. Katika Amayirikiti alikuwa ameweka jukwaani mauti yenyewe, lakini kwa kuwa hakuna aliyetamka neno, hakuna aliyeweza kushtakiwa kwa neno. Hiyo ndiyo nguvu ya fumbo, na ndiyo kasoro yake pia: anayelengwa anaweza kushangilia kama wengine na kuondoka na amani yake.

Ili kuielewa hatari iliyokuwepo, inafaa kumkumbuka mwenzake, Byron Kawadwa, mtunzi na mwelekezaji wa Ukumbi wa Taifa. Kawadwa aliutumia wimbo pamoja na neno, tena kwa Luganda. Mchezo wake wa nyimbo, Oluyimba lwa Wankoko, ulipelekwa Lagos kwenye tamasha kubwa la sanaa za watu weusi mwanzoni mwa mwaka 1977. Muda mfupi baada ya kurejea nyumbani alikamatwa na watu wa Amin, akauawa. Mwaka huo huo, Februari, aliuawa Askofu Mkuu Janani Luwum. Mmoja alisema kwa maneno akafa. Mwingine alisema kwa ngoma akaishi, kwa muda. Hatusemi hivyo ili kumhukumu aliyeishi. Tunasema ili tujue bei ya kila chaguo.

Nasi wanafunzi wa Kiswahili tuna nafasi yetu katika kisa hiki, na si nafasi ya kujivunia. Mwaka 1973 Amin alitangaza kwamba Kiswahili ndicho lugha ya taifa ya Uganda. Kwa sikio la mpenda lugha, hiyo ingekuwa habari njema. Lakini tangu enzi za jeshi la wakoloni Kiswahili kilikuwa lugha ya kambi, na katika miaka ya Amin raia wengi wa Kampala walikisikia kwanza kwenye vizuizi vya barabarani, mbele ya mtutu wa bunduki. Lugha tunayoisifu kwa utenzi na shairi ilikuwa, kwa Mganda wa siku hizo, lugha ya amri. Serumaga alipotafuta sauti ambayo Waganda, Waacholi na wengine wote wangeipokea bila hofu, Kiswahili hakingeweza kuwa sauti hiyo. Siyo kwa sababu ya upungufu wa msamiati, bali kwa sababu ya mikono iliyokuwa imekishika. Uganda ilikuja kukipa Kiswahili nafasi ya lugha rasmi ya pili katika marekebisho ya katiba ya mwaka 2005, lakini kovu kama hilo haliondolewi na kifungu cha sheria pekee.

Kutoka Jukwaani hadi Serikalini

Katika mwaka wa 1977 Serumaga aliihama Uganda. Sasa aliliacha fumbo. Alijiunga na Waganda wa uhamishoni waliopanga kumwondoa Amin. Vita vya Kagera vilipogeuka, na majeshi ya Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda wakaingia Kampala Aprili 1979, Yusuf Lule akawa rais na Serumaga akateuliwa Waziri wa Biashara. Shahada ya uchumi iliyokaa miaka mingi kabatini ikapata kazi.

Haikuwa kazi ya muda mrefu. Lule aliondolewa Juni 1979 baada ya siku 68. Serumaga alirudi tena uhamishoni, na Septemba 1980 akafariki ghafla jijini Nairobi, akiwa na umri wa miaka 41 hivi. Alikuwa amefanya katika miaka kumi na mitatu, tangu A Play hadi kifo chake, kazi ambayo wengine hawaifanyi katika hamsini. Hakuishi kuona uchaguzi wa Desemba mwaka huo, wala vita vilivyoufuata.

Hitimisho: Daftari la Ngoma

Tumeona basi mtu aliyeanza na uchumi, akapita katika riwaya na tamthilia ya maneno, akaingia katika ngoma na wimbo, na mwishowe akaingia katika siasa. Kila hatua ilikuwa jaribio la kujibu swali moja: ni kwa chombo gani mtu anaweza kuieleza nchi yake ukweli, na nchi ikasikia?

Gharama ya jibu lake inaonekana leo maktabani. Return to the Shadows, The Elephants na Majangwa zinasomeka, kwa kuwa zina maneno kwenye karatasi. Renga Moi na Amayirikiti, kazi ambazo pengine ndizo alizozipenda zaidi, hazikuachwa katika vitabu vya kusomwa darasani. Zilikaa katika miili ya waigizaji na kumbukumbu za watazamaji, nao wanazeeka na kutuaga. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sanaa nayo ni mali.

Jambo hili liko karibu nasi kuliko tunavyodhani. Hapa Gusii tunayo obokano, ala yetu kubwa ya nyuzi nane ambayo mlio wake mzito huongoza masimulizi na nyimbo za wazee. Mpigaji wake ni mfumi, mwimbaji na mwigizaji kwa pamoja, sawa na wale Abafumi. Kila msimu wa tamasha za tamthilia, shule za Kisii na Nyamira hutoa michezo, mashairi na ngoma zenye ubunifu mkubwa. Majaji hutoa alama, vikombe hupelekwa ofisini kwa mwalimu mkuu, na kufikia muhula unaofuata hakuna anayeweza kukuonyesha mswada. Penina Muhando alipotunga Lina Ubani mwaka 1984, baada ya vita vile vile vya Kagera, aliitia ngano ndani ya tamthilia na akaiandika kwa Kiswahili, na kwa hiyo tunaisoma hadi sasa. Ngoma na daftari si maadui.

Hili basi ndilo jibu la lile swali la mwanzo. Serumaga anatuhusu kwa sababu aliiacha kazi ambayo sisi tunaiweza: kuandika, kwa lugha inayovuka mipaka ya makabila, yale yanayosemwa kwa ngoma na mwili, ili yasife pamoja na wenyewe. Anatuhusu pia kwa sababu anatukumbusha kwamba lugha hupendwa au huogopwa kulingana na anayeitumia, na kwamba Kiswahili hakitakuwa lugha ya Afrika Mashariki kwa tangazo la mtawala, bali kwa kazi ya wale wanaokitumia kusema kweli.

Omotembe huchanua wakati ambapo hauna jani hata moja. Kiswahili kiliuita mwamba-ngoma. Aliye na kalamu na autazame mti huo, kisha aende kwa mpiga obokano wa kijijini kwao akiwa na daftari, kabla hajachelewa.